Kitabu kwa Kosa: Namna ya Kuchagua Vitabu vya Saikolojia ya Poka

Saikolojia ya poka ni tawi dogo la maandishi linalochunguza yanayotokea katika akili ya mcheza karata anapolazimika kuamua bila kujua kila kitu, huku fedha yake ikiwa mezani na mpinzani wake akijitahidi kumpoteza. Tawi hilo limezaa vitabu vingi tangu mwishoni mwa karne iliyopita, navyo vinatofautiana sana kwa lengo na kwa ubora, kiasi kwamba msomaji wa Mbeya au Iringa anayetaka kuagiza kimoja tu hujikuta akifuata umaarufu wa mwandishi au uzuri wa jalada. Uchaguzi wa namna hiyo una gharama, kwa kuwa vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza, huagizwa kutoka nje au hununuliwa kwa nakala ya kielektroniki, na nakala moja ya karatasi pamoja na usafirishaji wake inaweza kukaribia bei ya mfuko wa mbolea. Hoja ya makala haya ni kwamba kitabu cha aina hii huchaguliwa kama dawa, kwa kulitambua kwanza kosa ambalo msomaji hulirudia, na kwamba yapo makosa ambayo hakuna kitabu cha saikolojia ya mchezo kinachoweza kuyatibu.

Mchezo wa karata zilizofichwa

Poka huchezwa kwa karata 52 zilezile ambazo Kiswahili huziita kopa, uru, pau na shupaza, majina yaliyoachwa na Wareno. Katika aina inayochezwa zaidi duniani, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili anazozificha, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu, kwanza tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na zote tano ni za wachezaji wote. Kabla na baada ya kila awamu wachezaji huweka madau, na kila mmoja anaweza kufuata dau la mwenzake, kulipandisha, au kuzitupa karata zake na kuliacha fungu lililokwisha kukusanyika. Anayebaki na mkono bora hulichukua fungu hilo, lakini hulichukua vilevile yule ambaye wenzake wote wametupa karata, hata kama mkono wake ulikuwa duni kuliko wao. Ndiyo maana akili na moyo wa mchezaji huhesabiwa kuwa sehemu ya mchezo wenyewe.

Tofauti ya poka na michezo iliyozoeleka Nyanda za Juu Kusini inaonekana vizuri kwenye kijiwe cha drafti. Iwe pembeni ya soko la Mwanjelwa jijini Mbeya au mitaa ya Miomboni mjini Iringa, ubao wa miraba 64 hulazwa juu ya magoti au ndoo iliyopinduliwa, kila upande ukipanga kete 12 ambazo mara nyingi ni vizibo vya soda, vya mmoja vimelala kifudifudi na vya mwingine chali. Mshindi hubaki, aliyefungwa humpisha anayesubiri, na watazamaji hawaishi kurusha tambo ili anayefikiri apoteze utulivu. Hata hivyo, kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote, na aliyetoa kete moja akaliwa tatu hana wa kumlaumu ila jicho lake. Bao nalo liko hivyo, kwani mashimo yake 32 na kete zake 64 hazimfichi mtu jambo lolote. Ugumu wake uko katika kuhesabu na kukumbuka.

Saikolojia ya michezo hiyo iliyo wazi nayo imeandikiwa, na mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni tasnifu ya Alex de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, iliyotolewa Leiden mwaka 1995 kwa jina la Limits of the Mind. Tasnifu hiyo iliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar ili kueleza ufundi wao unatokana na nini na akili ya binadamu inafika wapi katika kuhesabu mizunguko ya kete. Mtu ambaye mapenzi yake ni drafti au bao, na ambaye hujiuliza kwa nini hupotelewa na hesabu kila anapotazama hatua ya nne mbele, atanufaika zaidi na uchunguzi wa namna hiyo kuliko kitabu chochote cha poka.

Poka ina kitu cha ziada, nacho ni kutojua. Mwanahisabati John von Neumann, katika makala yake ya mwaka 1928 na katika kitabu alichoandika pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944, aliona kwamba maisha ya kiuchumi yanafanana zaidi na mchezo ambao kila mmoja ameficha karata zake, na akaifanyia poka hesabu rasmi. Tangu hapo poka imekuwa kioo cha wanasaikolojia na wachumi, na ndiyo sababu baadhi ya vitabu vyake vinaweza kumfaa hata mtu ambaye hajawahi na hatarajii kukaa kwenye meza ya kasino.

Mchezo kwanza, kitabu baadaye

Kabla ya kutazama jina la kitabu chochote, msomaji hana budi kujua anacheza mchezo wa aina gani, kwa sababu neno kubahatisha limefunika mambo yasiyofanana. Katika poka wachezaji hushindana wao kwa wao, na mwenye ukumbi hukata ada ndogo kutoka katika kila fungu au hutoza kiingilio. Hivyo mchezaji mwenye maarifa zaidi anaweza, kwa muda mrefu, kuchukua fedha za wenye maarifa haba, mradi uwezo wake uipite ada hiyo. Katika mashine za sarafu, ambazo mitaani huitwa dubwi, mpinzani ni mashine iliyopangwa kurudisha pungufu ya inachomeza, na hakuna utulivu wa moyo unaoweza kuubadili mpango huo.

Mkeka, yaani orodha ya mechi ambazo mtu huzibetia kwa pamoja, umekaa katikati ya hayo mawili, nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Ichukuliwe kwamba kijana amechagua timu kumi, na kila moja ina uwezekano wa kushinda wa asilimia 70, jambo ambalo humfanya aone kwamba mkeka wake umejaa timu za uhakika. Ili alipwe, zote kumi lazima zishinde, na uwezekano wa hilo hupatikana kwa kuizidisha 0.7 kwa yenyewe mara kumi, ambapo jibu ni kama 0.028, yaani mikeka isiyofika mitatu katika kila mia. Malipo ya haki kwa timu ya namna hiyo yangekuwa 1.43; kampuni ikilipa 1.36 kwa kila timu, dau la Sh 1,000 litazaa takribani Sh 21,600 siku mkeka ukitiki, wakati hesabu ya haki ingezaa zaidi ya Sh 35,000. Kwa mikeka mingi ya aina hiyo, kila Sh 1,000 inayowekwa hurudisha wastani wa Sh 610 tu, kwa kuwa mkato mdogo wa kampuni katika timu moja umejirudia mara kumi.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kumpa mtu wa mkeka kitabu cha kutuliza moyo kunaweza kumdhuru. Kitabu kitamfundisha kuvumilia kipindi kibaya kwa imani kwamba muda mrefu uko upande wake, ilhali muda mrefu ndio hasa unaommaliza. Anachohitaji ni kikokotoo na kalamu, na baada ya hapo uamuzi wa kuacha, au wa kutenga kiasi kidogo cha burudani ambacho hatakililia kikipotea.

Sheria nayo ina nafasi yake. Michezo ya kubahatisha nchini Tanzania inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2003, ambayo huwataka waendeshaji wawe na leseni na huwakataza wenye umri chini ya miaka 18 kushiriki. Kucheza karata kwa fedha kwenye kijiwe kisicho na leseni ni jambo lisiloruhusiwa, na waumini wengi wa Kikristo na Kiislamu wa nyanda hizo huiona kamari kuwa haifai kabisa. Kuvisoma vitabu hivi, hata hivyo, hakumlazimishi mtu kuweka dau, sawa na mtu kusoma kuhusu vita bila kushika bunduki.

Vitabu vya hasira

Kundi la kwanza la vitabu hushughulikia hali ambayo wacheza poka huiita tilti. Neno hilo lilitoka kwenye mashine za kuchezea gololi ambazo mchezaji aliyezitikisa kwa hasira zilijizima na kumwandikia kwamba ameziinamisha. Kwa mchezaji, tilti ni pale hisia zinapoyazima maarifa ambayo mtu anayo, akaanza kufuata kila dau au kupandisha bila sababu ili arudishe kilicholiwa. Vijiweni husemwa kwamba jamaa amepaniki. Wahenga walikwisha kulifupisha somo hilo waliposema hasira hasara, lakini methali haielezi mtu afanye nini saa tano usiku akiwa ameliwa mara tatu mfululizo na mkono wake bado unatetemeka.

Kitabu kinachojibu swali hilo kwa utaratibu zaidi ni The Mental Game of Poker cha Jared Tendler, alichokiandika kwa kushirikiana na Barry Carter na kukitoa mwaka 2011. Tendler alisomea ushauri nasaha na kufanya kazi na wacheza gofu kabla ya kuingia kwenye poka, na mchango wake mkubwa ni kukataa kuichukulia tilti kama kitu kimoja. Anaigawa katika aina saba: ya kuandamwa na bahati mbaya, ya kuhisi kudhulumiwa, ya kuchukia kushindwa, ya kujikasirikia kwa kosa, ya kujiona unastahili ushindi, ya kulipiza kisasi, na ya kukata tamaa. Mgawanyo huo una maana kubwa, kwani mtu anayekasirika kwa kuona amedhulumiwa na karata anahitaji kuelewa uwezekano, wakati anayekasirika kwa kosa lake mwenyewe anahitaji kuelewa namna binadamu anavyojifunza. Kitabu hicho ni kizito na kimejaa mazoezi, kwa hiyo kinamfaa msomaji aliye tayari kukaa nacho miezi, kalamu mkononi.

Elements of Poker cha Tommy Angelo, cha mwaka 2007, kina tabia tofauti. Sura zake ni fupi, lugha yake ina utani, na mwandishi hutilia mkazo mambo ambayo wachezaji wengi huyadharau, hasa kuondoka: lini mtu ainuke, kwa nini asiinuke, na namna dakika za mwisho za kikao zinavyoweza kula faida ya saa zilizotangulia. The Poker Mindset cha Ian Taylor na Matthew Hilger, cha mwaka huohuo wa 2007, kimekaa katikati. Kinataja mitazamo saba ya msingi, ikiwemo kucheza kwa kutazama muda mrefu, kuthamini uamuzi sahihi kuliko fedha ya leo, na kuacha majivuno nje ya mlango. Kwa anayeanza, na ambaye Kiingereza chake ni cha sekondari, Taylor na Hilger ni njia nyepesi, na Tendler hufuata pale msomaji anapokuwa amelijua jina la ugonjwa wake.

Sababu ya vitabu vyote hivyo kurudia suala la bahati mbaya inaonekana katika mfano mmoja wa mezani. Mchezaji amepewa ree mbili, yaani karata mbili za A, ambao ndio mkono bora kabisa wa kuanzia na ambao humjia mtu kwa wastani mara moja katika kila mikono 221. Mpinzani wake ana wafalme wawili, nao wawili huweka fedha zao zote kabla ya karata za katikati kufunuliwa. Mwenye ree atashinda takribani mara 82 katika 100. Zinafunuliwa tatu, hakuna mfalme. Inafunuliwa ya nne, hakuna mfalme. Inakuja ya tano, na ni mfalme wa kopa. Aliyepoteza anahisi ameibiwa, ilhali jambo lililotokea lilitarajiwa kutokea karibu mara moja katika kila tano au sita. Akikutana na hali hiyo mara tano, uwezekano wa kushinda zote tano ni kama asilimia 37 tu, kwa hiyo kuumia angalau mara moja ndilo jambo la kawaida. Asiyeielewa hesabu hii hata akariri kitabu kizima cha utulivu, hasira yake itarudi na karata ya tano.

Vitabu vya uamuzi

Kundi la pili linamhusu hata asiyecheza. Thinking in Bets, kilichotolewa mwaka 2018, kiliandikwa na Annie Duke, aliyesomea saikolojia ya utambuzi kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania kabla ya kuwa mchezaji wa kulipwa na kutwaa ubingwa katika Mfululizo wa Dunia wa Poka mwaka 2004. Hoja yake kuu ni kwamba watu huupima uamuzi kwa matokeo yake, na kwamba kipimo hicho ni kibovu popote ambapo bahati ina sehemu.

Msomaji wa Iringa hahitaji meza ya karata ili aielewe hoja hiyo. Dereva anayelipita gari jingine kwenye kona za Kitonga na kufika mjini salama alifanya uamuzi mbaya uliopata matokeo mazuri, na hatari ni kwamba usalama wake wa leo utamfundisha kurudia kesho. Kinyume chake ni mkulima wa Isimani ambaye, akijua kwamba mvua za eneo lake ni haba na hukatika mapema, alipanda mbegu ya mahindi ya muda mfupi. Mwaka huo mvua ikanyesha hadi mwisho, na jirani aliyepanda mbegu ya muda mrefu akavuna zaidi na kumcheka. Mkulima wa kwanza alishindwa kwenye gunia, si kwenye uamuzi, na akibadili mbegu kwa sababu ya kicheko cha jirani atakuwa ameadhibiwa na bahati njema ya mtu mwingine. Duke anafundisha kuuliza swali moja kabla ya kujilaumu au kujisifu: wakati wa kuamua, mtu alijua nini, na alichokijua kilielekeza wapi?

The Biggest Bluff cha Maria Konnikova, cha mwaka 2020, kinaifikia hoja ileile kwa njia ya simulizi. Mwandishi huyo, mwenye shahada ya uzamivu ya saikolojia kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, aliingia kwenye poka bila kujua hata idadi ya karata, akafundishwa na bingwa Erik Seidel, na Januari 2018 akashinda mashindano yaliyompatia dola 84,600 za Marekani. Kitabu chake husomeka kwa urahisi kuliko vingine vyote vilivyotajwa hapa, na kinafaa sana kama mlango wa kuingilia. Udhaifu wake kwa mwenye kosa mahususi ni kwamba hakina mazoezi, na ushindi wa mwandishi unaweza kumfanya msomaji asahau kwamba nyuma yake kulikuwa na mwalimu wa kiwango cha dunia na muda mwingi wa kujifunza.

Anayetaka kufika kwenye chimbuko la mawazo hayo anaweza kuviweka kando vitabu vya poka na kusoma Thinking, Fast and Slow cha Daniel Kahneman, cha mwaka 2011. Kahneman, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha pamoja na mwenzake Amos Tversky kwamba maumivu ya kupoteza kiasi fulani huzidi furaha ya kupata kiasi hichohicho. Kanuni hiyo inaeleza kwa nini mtu aliyepoteza Sh 20,000 jioni huwa tayari kuhatarisha Sh 50,000 usiku, jambo ambalo asingelifanya asubuhi akiwa na akili yake.

Vitabu vya kumsoma mpinzani

Kundi la tatu huwavutia wengi kwa sababu lina ladha ya filamu, nalo ni la vitabu vya kutambua ishara za mwili. Kitabu cha Mike Caro cha mwaka 1984 ndicho kilichoweka msingi, kikitumia picha nyingi za wachezaji na kanuni kwamba anayejifanya dhaifu mara nyingi ana nguvu, na anayejitutumua mara nyingi hana kitu. Zachary Elwood aliisogeza mbele kazi hiyo mwaka 2012 katika Reading Poker Tells, akizipanga ishara kwa kuangalia zinatokea wakati gani wa mchezo. Alan Schoonmaker, mwanasaikolojia wa kazini, alichukua njia nyingine mwaka 2000 katika The Psychology of Poker: badala ya vidole na macho, alichambua mienendo ya jumla, nani hucheza mikono mingi na nani michache, nani hushambulia na nani hufuata tu, kisha akamtaka msomaji ajiweke mwenyewe kwenye mojawapo ya makundi hayo kabla ya kuwapanga wenzake.

Kwa msomaji wa kawaida, Schoonmaker ndiye mwenye faida kubwa katika kundi hili. Ishara za mwili ni ushahidi mwembamba ambao hubadilika kwa utamaduni na kwa mtu. Kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima angehukumiwa vibaya na anayeamini kwamba macho yaliyoinama huficha uongo. Tena ishara hizo hazina kazi kwa anayecheza kwenye simu, ambako uso wa mpinzani hauonekani.

Vipimo vya kitabu

Msomaji akishajua kundi linalomhusu, vipimo vichache vitamsaidia kuchuja kilichomo. Cha kwanza ni mwandishi: bingwa wa mezani anajua kinachouma, mwanasaikolojia anajua namna ya kukitibu, na vitabu vingi bora ni vya mtu mwenye sifa zote mbili au vya watu wawili walioshirikiana. Cha pili ni mwaka wa kutolewa. Mwaka 2003 Mmarekani Chris Moneymaker aliingia kwenye mashindano makuu ya dunia kupitia shindano la mtandaoni la dola 86 na akaondoka na dola milioni 2.5, na tangu hapo poka ya mtandaoni ikavuma kwa kasi. Mchezaji wa leo anaweza kucheza kwa saa moja mikono mingi kuliko aliyoiona mchezaji wa zamani kwa jioni nzima, hivyo uchovu na tilti humjia kwa mwendo ambao vitabu vya kabla ya hapo havikuujua.

Kipimo cha tatu ni ahadi: kitabu kinachoahidi utajiri, au kinachosema kwamba mawazo mema huvuta karata nzuri, hakistahili hata kufunguliwa. Cha nne ni kazi anayopewa msomaji, kwa kuwa kitabu cha saikolojia kisichomtaka aandike, ahesabu au ajichunguze humwachia hamasa ya siku tatu tu. Cha tano, ambacho husahaulika, ni maarifa ya mchezo wenyewe. Asiyejua bado lini afuate dau na lini atupe karata hana tatizo la moyo, ana tatizo la kutojua, naye aanze na kitabu cha misingi kama The Theory of Poker cha David Sklansky.

Upatikanaji nao hauna budi kupangwa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba za mkoa Mbeya na Iringa, na miji hiyo ina vyuo vikuu vinavyofundisha elimu na sayansi. Huko mtu anaweza kuulizia vitabu vya saikolojia ya jumla kabla ya kutumia fedha kuagiza vya poka. Sehemu ya mwanzo ya nakala ya kielektroniki aghalabu husomwa bure, na sura moja inatosha kumwonyesha msomaji kama Kiingereza cha mwandishi kinamkubali. Watu watatu au wanne wanaoelewana wanaweza kuchangia kitabu kimoja na kukipokezana, mradi kila mmoja awe na daftari lake.

Pale kitabu kinapokomea

Ipo hali ambayo haimo katika makundi yote hayo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, na dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuupa mchezo nafasi ya kwanza mbele ya kazi na familia, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana. Anayeuza mahindi ya chakula ili aweke dau, anayekopa kwa siri, au anayemficha mkewe ada ya watoto iliyoliwa, asipewe kitabu cha kumfanya awe mchezaji bora. Mtu huyo anahitaji huduma ya afya ya akili hospitalini, pamoja na ndugu wa kumsimamia fedha kwa muda.

Kwa wengine wote, mwanzo ulio rahisi na usio na gharama ni daftari la kurasa 80. Kila baada ya mchezo, au baada ya uamuzi wowote wenye bahati ndani yake kama kuuza viazi leo au kuvisubirisha wiki mbili, mtu aandike tarehe, saa, alichokijua, alichoamua na namna moyo wake ulivyokuwa, kisha siku nyingine, kwa kalamu ya rangi tofauti, aandike kilichotokea. Baada ya miezi miwili kurasa hizo zitaanza kufanana. Zikionyesha neno nilikasirika mara tisa, Tendler ndiye wa kuagizwa. Zikionyesha kwamba hasara nyingi zilikuja baada ya saa nne usiku, Angelo. Zikionyesha kwamba rangi ya pili imekuwa ikiifuta ya kwanza, yaani mtu amekuwa akibadili maamuzi mazuri kwa sababu tu hayakumlipa, basi Duke. Na zikionyesha mikeka mitupu, ukurasa baada ya ukurasa, fedha ya kitabu ibaki mfukoni.